Mita Nne Kuelekea Ziwani

Cádiz, 6 Machi 2025

Mwanangu Léonie,

Leo inatimia miaka ishirini na mitatu tangu nitoke Goma. Nilihesabu asubuhi nikinyoa ndevu, nikahesabu tena barabarani nisije nikawa nimeongeza mmoja. Ni ishirini na mitatu. Nina miaka sabini na minne, kwa hiyo karibu theluthi ya maisha yangu nimeila huku Uhispania.

Nawasalimu wote wa nyumbani: wewe, mdogo wako Gentil, na zaidi mama yako, shemeji yangu Bénita. Habari za Januari, mji ulipotekwa, nilizisikia redioni kabla simu yako haijapita. Kwa siku sita sikujua kama mko hai, na siku hizo sita nilitembea. Mji huu umezungukwa na bahari pande zote isipokuwa moja. Mtu akitembea sana anajikuta alikoanzia. Mimi sijambo. Dawa ya shinikizo la damu nainywa, usingizi ndio unaokuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kukaa.

Barua yako ya Desemba nimeipata wiki mbili zilizopita, kwa mkono wa sista aliyepitia Kigali. Nimeisoma mara nne. Unaniambia kilio cha baba yako, mdogo wangu Valentin, kitatimiza mwaka tarehe 14 Novemba, na kwamba siku hiyo mimi mkubwa wa nyumba nisimame mbele ya watu niulize: "Nani ana neno na marehemu?" Mwenye dai aseme, dai lijibiwe, ndipo mjane avuliwe nguo nyeusi. Desturi naijua, mwanangu. Niliuliza swali hilohilo kwa ajili ya baba yetu mwaka 1987. Mtu mmoja alidai mbuzi, akapewa, tukala.

Nitakujibu. Kwanza nikueleze jana nilikuwa wapi.

Kuna mnara hapa unaitwa Tavira. Enzi za biashara ya meli kila tajiri wa Cádiz alijenga mnara juu ya paa lake ili aione meli yake ikija kabla jirani hajaiona ya kwake. Imebaki zaidi ya mia moja na ishirini, na huu ndio mrefu kuliko yote ya aina yake. Juu kabisa kuna chumba cha giza. Kioo na lenzi vinaleta picha ya mji mzima juu ya meza nyeupe ya duara, na picha inatembea: nguo zinapepea kwenye kamba, njiwa wanaruka, mtu anavuka barabara. Dada anayeongoza wageni huweka kipande cha karatasi mbele ya mtu huyo wa mezani. Mtu anapanda juu ya karatasi bila kujua, dada anamwinua hewani. Wageni walicheka sana. Mimi niliyekuwa mpimaji wa viwanja kwa miaka ishirini na mmoja nilitaka kujua sentimita moja ya meza ni mita ngapi za barabara. Dada akasema, "Bwana, miaka yote niliyokaa hapa hakuna aliyeniuliza hilo." Nilipanda tena mchana. Alikuwa bado hajui.

Karatasi inaisha. Msalimie mama yako, mwambie nimeisoma.

Baba yako mkubwa,
Cikuru


Goma, 2 Mei 2025

Baba mukubwa mupendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote, na mama anakusalimu. Barua yako ilifika jana. Murhula, yule wa biashara ya vitenge kati ya Kigali na hapa, aliileta ndani ya robota, ina harufu ya rangi ya kitambaa. Bahasha ilikuwa imefunguliwa, ikafungwa tena vizuri. Sijui ni nani aliyependa minara yako.

Sisi tuko. Shule ilifunguliwa, nafundisha mwaka wa tano, watoto hamsini na wanane. Benki zimefungwa. Uwanja wa ndege umefungwa. Kule Mugunga kambi za wakimbizi zimeondolewa, ukipita na pikipiki unaona uwanja mutupu na vijiti vilivyoshika maturubai. Gentil yuko Bunagana, anawaandikia watu wa malori karatasi za mupakani. Anasema yuko muzima na anakula, basi.

Mama anauza maji ya citerne yetu, lile tangi la mvua. Mvua ikinyesha tunaishi vizuri kuliko walimu.

Lakini, baba mukubwa, ngoja nikuandikie jambo lenyewe bila kuzunguka. Unajua mama yake mama, koko wa Bukavu, amefika miaka tisini na mmoja. Kwenye simu hatambui tena sauti za watu. Anauliza kila siku: "Bénita iko wapi? Amenikasirikia?" Na mama hawezi kwenda. Mujane mwenye nguo nyeusi haingii nyumba ya wazazi wake, akiingia amewapelekea kifo mulangoni. Swali la mume halijaulizwa, hujavuliwa nguo, unakaa. Mama anakaa. Asubuhi anasimama juu ya citerne anatazama ziwa upande wa Bukavu, halafu anashuka anawapimia watu maji.

Kwa hiyo Novemba kwetu si karamu tu. Mama anataka kufika kwa mama yake kabla hajachelewa. Unakuja?

Jirani wa nyuma ya ukuta, Mama Joviale, anakusalimu. Alikuja kuchota jana akaniuliza: "Ule muzee wenu wa Ulaya, bado iko muzima?" Nikasema yuko. Akasema: "Umusalimie sana. Umuambie ni Mama Joviale, muke ya Ntirenganya ya kinu. Yeye anajua." Akabeba bidon yake ya maji akaenda.

Binti yako,
Léonie


Cádiz, 20 Juni 2025

Mwanangu Léonie,

Nashukuru kwa barua, na kwa harufu ya vitenge. Nawasalimu nyote. Nafurahi kwa ajili ya Gentil. Watoto hamsini na wanane ni wengi mno, uwakalishe warefu nyuma. Hapa joto limeanza na wageni wamefurika kutoka kwenye meli kubwa kama majengo. Wanashuka saa tatu, wanapiga picha kila ukuta, saa kumi na moja wamekwisha.

Namhurumia sana koko wa Bukavu. Mwambie mama yako hivyo. Kuhusu safari, umeandika mwenyewe kwamba uwanja wa ndege umefungwa. Tusubiri tuone.

Nilikwenda kwenye kanisa kuu. Lina kuba la vigae vya njano linaloonekana kutoka baharini. Walilijenga kwa miaka mia na kumi na sita: wakaanza na jiwe zuri la marumaru, fedha za meli zikapungua, wakamalizia na jiwe duni. Sasa ukitazama unaona mstari mahali fedha zilipokwisha. Jiwe la juu linaliwa na chumvi ya bahari na kudondoka vipande vipande, ndiyo maana ndani wametandaza wavu chini ya dari, juu ya vichwa vya wanaosali. Nilikaa kwenye benchi nikitazama wavu. Padri hakuonekana kuwa na wasiwasi. Mimi nilihama mara tatu.

Kisha nikaenda mtaa wa La Viña. Mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, baada ya tetemeko, bahari ilipanda juu ya mji. Watu wanasimulia kwamba padri alitoka na bendera ya Bikira Maria, akaichomeka barabarani akasema: hapa, basi. Maji yakasimama. Kuna kibao ukutani kinachoonyesha mahali yaliposimama. Nilirudi kesho yake na tepi, nikapima kutoka kibao hadi ufuko. Mama mmoja dirishani aliniuliza kama ninatoka manispaa. Nikamwambia kwetu ulikuja moto wa volkano badala ya maji, wala hakuna aliyejua kuusimamisha. Akanipa glasi ya maji.

Niambie jambo moja: ule ukuta uliochomoza juu ya lava upande wa shule, bado upo, au walishaujengea?

Baba yako mkubwa,
Cikuru


Goma, 15 Agosti 2025

Baba mukubwa,

Ni sikukuu ya Kupalizwa, tumetoka misa. Tuko wazima. Gentil yuko muzima. Salamu zimekwisha.

Nilimsomea mama barua yako. Ilikuwa hivi:

"Ameandika nini?"

"Kanisa."

"Tena?"

"Hili lina wavu."

Mama alicheka mpaka akashika mulango. Akasema: "Akitembea ivi, viatu vyake vitaisha kabla ya kilio changu." Halafu hakucheka tena siku nzima.

Uwanja wa ndege umefungwa, ndiyo. Lakini Murhula anapita Kigali kila wiki mbili, masista wanapita Kigali, hata majeneza yanapita Kigali. Kutoka Kigali mpaka mupakani ni saa nne kwa gari. Barua zako zinafika. Kumbe barua ina miguu kuliko wewe.

Florent, mutoto wa shangazi yenu, alitoka Bukavu akasema yeye atasimama pahali pako, atauliza swali. Mama alikataa. Alisema: "Mukubwa yuko hai. Kama hakuji, aandike kwa mukono wake kwamba ametoa kinywa chake, na amutaje anayemupa." Hiyo nayo ni desturi, unaijua. Hukuandika hata hiyo. Kwa nini? Karatasi moja tu, baba mukubwa, na mama angekwenda kwa mama yake. Koko ameanza kukataa chakula.

Kuhusu ukuta wako wa shule: upo. Ni ukuta wa zamani wa vyoo vya shule, walimu wanauegemeza pikipiki. Kwa nini unauliza ukuta na huulizi habari ya koko?

Na mimi nina swali. Papa hakukubali tuchimbe nyuma ya citerne, hata shimo la takataka. Gentil alipojaribu kupanda mugomba pale alipigwa, na papa hakuwa mutu wa kupiga. Na Mama Joviale anakutumia salamu kila mara, na kila mara hujibu. Leo nilipomuambia umeandika akauliza: "Amenisalimia?" Nikadanganya, nikasema ndiyo. Alinitazama hivi, akasema: "Léonie, weye ni mualimu, usidanganye watu wazima."

Kuna nini nyuma ya citerne?

Léonie


Cádiz, 28 Septemba 2025

Mwanangu Léonie,

Nimekaa na barua yako siku kumi na nne. Nimezunguka mji huu kwa miguu kila siku, ngome ya Santa Catalina, lango la nchi kavu, na kurudi. Katika mitaa ya zamani hapa, kwenye pembe za nyumba, utakuta mizinga ya vita imesimikwa ardhini mdomo juu. Iliwekwa ili magurudumu ya mikokoteni yasikwangue ukuta. Kuna mmoja karibu na ninapolala. Naupita kila asubuhi nikifikiri: hii ni pembe, hakuna atakayebishana nayo. Barua tano nimezianza na kuzichana. Hii ya sita naitoa.

Unakumbuka lava ya Januari 2002, ulikuwa na miaka kumi na moja. Ilipopoa tulirudi mtaani kwetu Murara, na mtaa haukuwepo. Ulikuwa uwanja mweusi wenye moshi. Mawe ya mipaka yalikuwa chini yake, ramani ziliungua, na watu walikuwa wameanza kushikana mashati. Wakaja kwangu. "Cikuru, wewe ulipima mtaa huu. Tuonyeshe." Nilikuwa na tepi ya mita hamsini, dira, na kichwa changu. Nilijivuna, mwanangu. Mtaa mzima ulinifuata nyuma kama msafara wa harusi.

Nilihitaji pembe moja ya kuanzia. Niliona ncha ya ukuta imechomoza juu ya lava, nikasema huu ni ukuta wa shule. Haukuwa ukuta wa shule. Ulikuwa ukuta wa vyoo, uliojengwa mwaka mmoja baada ya ramani yangu, mita nne zaidi kuelekea ziwani. Nikapima kuanzia hapo. Safu nzima ya viwanja ikasogea mita nne. Kwa wengi haikudhuru kitu: kila mtu alipoteza nne juu, upande wa shule, akapata nne chini, upande wa ziwa. Lakini Mama Joviale ndiye wa mwisho katika safu. Baada yake ni barabara, na barabara haisogei. Yeye alipoteza tu.

Siku ileile alisema. Alisimama pale na mtoto mgongoni, akasema: "Kinu cha bwana wangu kilikuwa huku, na sasa munakiweka upande wa Valentin." Ntirenganya mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, akimwachia kile kinu cha kusagia mahindi, na lava ilikizika. Watu walimhurumia kama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Mimi nilimwambia mbele ya wote: "Mama, tepi haidanganyi."

Katikati ya Februari Valentin alianza kuchimba msingi wa citerne. Alikuja kuniita. Chini ya mita moja na nusu ya lava alikuwa amegonga chuma. Lilikuwa gurudumu la kinu. Nilishuka shimoni nikalishika kwa mikono yangu. Lilikuwa upande wetu, mita tatu na nusu ndani ya kiwanja cha baba yako. Hapo nikaelewa ukuta ule ulikuwa ukuta gani.

Watu walikuwa wameshaanza kujenga. Kurekebisha ilikuwa kubomoa safu nzima na kusema Cikuru alikosea. Valentin aliniuliza: "Tufanyeje?" Nikamwambia: "Funika." Akafunika. Akasogeza citerne mita moja pembeni, akaijenga, na akakaa na jambo hilo miaka ishirini na miwili bila kumwambia mke wake. Mimi wiki tatu baadaye niliondoka. Niliwaambia nakwenda miezi sita.

Hiyo ndiyo sababu sikuandika ile karatasi moja. Anayetoa kinywa chake kwa mwingine lazima kwanza ajibu madai anayoyajua. Nami ningesimamaje kuuliza "Nani ana neno na marehemu?" wakati mwenye neno amesimama nyuma ya ukuta na bidon, akinitumia salamu?

Hapa Cádiz mwaka 1980 walikuwa wanatafuta ngome ya zamani, wakakuta ukumbi wa maigizo wa Warumi umelala chini ya nyumba za watu. Sehemu yake bado iko chini, watu wamelala juu yake. Wageni wanalipenda sana jambo hilo. Mimi siwezi kukaa pale zaidi ya dakika tano.

Sasa sikiliza. Mimi Cikuru, mkubwa wa nyumba, natoa kinywa changu kwa Léonie, binti wa Valentin, aulize swali mahali pangu tarehe 14 Novemba. Wakisema ni mwanamke, wasomee mstari huu. Kabla ya kuuliza, soma barua hii yote kwa sauti mbele ya Mama Joviale. Mita nne ni zake, kutoka ukuta wa sasa kwenda juu, upana wote wa kiwanja. Citerne imo ndani, na jiko la nje limo ndani. Najua mama yako anaishi kwa maji hayo. Najua pia kwamba nne za upande wa shule, ambazo majirani wameshazijengea, hazitamrudia. Kosa ni langu na atakayepoteza ni yeye, na sina hesabu ya kulifanya hilo liwe haki. Mwonyeshe kwanza mama yako peke yake. Akikataa, chana barua, na kinywa nilichokupa kibaki bila swali.

Cikuru


Goma, 1 Desemba 2025

Baba mukubwa,

Nakusalimu. Barua yako ilifika tarehe 3 Novemba, Murhula akiitoa ndani ya kiatu.

Nilimsomea mama peke yake, jikoni. Alikuwa anachambua sombe. Nilipofika pale pa "Funika" mikono yake ilisimama. Nilipomaliza alichambua jani moja, jingine, akasema: "Miaka yote nimelala na yule mutu, nikafikiri ni tumbo linamusumbua." Nikamuuliza nichane? Akasema: "Usome yote. Hata pale pa citerne. Nataka kwenda kwa mama yangu nikiwa sina kitu cha mutu."

Tarehe 14 watu walijaa. Florent alikuja, alikuwa na hotuba yake mufukoni. Nilisoma mustari wako wa kunipa kinywa, akaikunja hotuba. Halafu nikasoma barua yote. Baba mukubwa, nimesimama mbele ya watoto hamsini na wanane kila siku, lakini pale nilishika karatasi kwa mikono yote miwili. Mama Joviale alikuwa amekaa safu ya pili. Nilipofika pale pa tepi alisimama.

"Rudilia pale."

Nikarudia: "Mama, tepi haidanganyi."

"Tena. Kwa sauti. Bale ba nyuma hawajasikia."

Nikasoma mara ya tatu. Akageuka akawatazama wazee wa mutaa mumoja mumoja, wale wanaobaki. Kuna aliyekohoa. Akasema: "Mulisema nimerukwa na akili. Mulinipeleka kwa padri aniombee." Halafu akauliza kama kuna sururu.

Walichimba wakiwa na mashati ya kilio. Haikuwa mbali, papa alikuwa amerudishia changarawe tu. Walipolifikia gurudumu alishuka mwenyewe shimoni, mama wa miaka sitini na minane, hakukubali kushikwa mukono. Alipangusa kutu na kitambaa chake cha kichwa. Halafu akatoka, akaenda kwake, akafunga mulango.

Nilikuwa bado sijauliza swali. Sikuweza kuliuliza, na mwenye neno hayupo. Mvua ikanyesha. Chakula kikapoa, hakuna aliyethubutu kula, na hakuna aliyethubutu kwenda. Mama alikaa na nguo zake nyeusi katikati ya watu, amenyoosha mugongo. Watu walilala kwenye viti.

Kesho yake saa nne Mama Joviale alikuja, amevaa vizuri, kama mutu wa kwenda misa. Nikasimama nikauliza: "Nani ana neno na marehemu?"

Akasema: "Mimi. Nachukua mita zangu nne, na kilicho juu yake, na kilicho chini yake. Valentin nimemuachilia. Alikosa, lakini alikaa hapa akaniangalia kwa macho miaka yote, na siku binti yangu anazaa ni yeye aliyemubeba kumupeleka hospitali. Alale." Halafu akaenda kwa mama, akamufungua kitambaa cheusi yeye mwenyewe, kabla ya wanawake wetu. Akamuambia: "Bénita, nenda umuone mama yako. Maji ya kupika utachota bila kuuliza mutu. Ya kuuza, hapana."

Tarehe 17 mama alipanda bateau, meli ya Bukavu, na kitenge cha bluu. Koko alikuwa hai. Hakumutambua uso, alimushika mikono akasema, "Hii ni mikono ya Bénita, imechelewa." Sasa anakula uji. Mama yuko huko mpaka Noeli. Akirudi atauza makala, mukaa wa kupikia, tumeshaongea na mutu wa Sake.

Ukuta umesogezwa. Nilishika tepi upande mumoja mwenyewe.

Kuna neno moja limebaki. Alipokuwa anatoka Mama Joviale alisema mbele ya wote: "Marehemu tumemaliza. Lakini yule ya tepi si marehemu. Salamu zangu amezila miaka yote. Yeye sijamuachilia. Akuje asimame hapa, aniambie na mudomo wake."

Njoo, baba mukubwa. Murhula atakungoja Kigali, mimi nitakuwa mupakani. Yule mama hana hasira tena ya kupiga, ana ya kungoja tu. Niambie tarehe.

Binti yako,
Léonie


Cádiz, 11 Februari 2026

Mwanangu Léonie,

Nakusalimu, na nakushukuru kwa kinywa ulichokibeba vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Namsalimu mama yako na kitenge chake cha bluu. Namsalimu koko. Gentil, mwambie sasa anaweza kupanda mgomba popote palipobaki. Hapa baridi imekuwa ya upepo, mawimbi yanaruka ukuta wa bahari na kulowanisha barabara. Nimekatazwa na daktari kupita kule na nimepita.

Namsalimu Mama Joviale. Naandika jina lake: Nsanzimana, mke wa Ntirenganya. Msomee hapa. Mama, ulikuwa umesema kweli, na mimi nilijua kuanzia Februari 2002. Nilichokuambia mbele ya watu kilikuwa uongo tangu siku ile niliposhika gurudumu, na sikukirudisha.

Sasa tarehe unayoitaka. Sikudanganyi tena, kwa hiyo nikuambie jambo ambalo hata baba yako hakulijua. Mwaka 2015, Julai, nilikuja. Niliwaandikia baadaye kwamba viza ilikataliwa. Haikukataliwa. Nilifika Gisenyi, upande wa Rwanda, nikalala hoteli karibu na ziwa, asubuhi nikashuka kwenye kizuizi kidogo cha mpakani na mkoba wangu. Wanawake wenye mizigo ya nyanya walikuwa wananisukuma kutoka nyuma: "Pita, muzee, pita au toka." Valentin alikuwa upande wa pili, chini ya mwavuli, amevaa suti. Nilimwona. Yeye hakuniona. Ilikuwa hatua themanini hivi, nilizikadiria. Nilisimama kwa muda wa kutosha mtu kuvuka na kurudi mara kadhaa. Kisha nikatoka kwenye mstari, nikapanda gari la Kigali. Alinisubiri siku tatu, aliniandikia baadaye.

Hapo hapakuwa na vita njiani, wala uwanja uliofungwa, wala goti bovu. Kwa hiyo usinitafutie sababu, mwanangu, na Murhula asipoteze safari yake. Mtu anayeweza kumwacha ndugu yake amesimama chini ya mwavuli kwa ajili ya mita nne, miguu yake ameijua. Yangu inatembea kilomita kumi na mbili kwa siku na haitavuka hatua hizo themanini.

Mwambie Mama Nsanzimana asiniachilie. Ana haki. Asilegee kwa sababu mimi ni mzee, wala kwa sababu nimeandika vizuri. Nikifa, mtu wa huku atawapigia simu. Siku ya kilio changu uliza swali, yeye atajibu kama akipenda, na wewe umpe atakachotaka katika vitu vyangu. Ni vichache: vitabu, tepi, koti.

Umeniuliza tarehe. Hakuna. Sitarudi Goma.

Cikuru